Ujumbe Uliokuja kwa Mjomba

Jumatatu, 7 Oktoba. Masasi.

Mnada wa korosho asubuhi. Wakulima wameikataa bei ya kwanza, wameikubali ya pili. Nimerekodi, nimekata, nimetuma kabla umeme haujaondoka. Wali na kisamvu kwa mama lishe wa stendi. Siku ya kawaida.

Alasiri simu imelia. Namba fupi, ya aina ile inayotuma matangazo ya kampuni za simu. Nilikuwa karibu kuufuta ujumbe. Nikausoma.

"Habari rafiki. Asante kwa kujibu kwa ukweli siku ya Ijumaa. Majibu yako yapo kwenye rangi nyekundu. Hauko peke yako. Fika zahanati uonane na mhudumu. Usiogope."

Sikujibu chochote Ijumaa. Ijumaa nilikuwa kwenye kikao cha halmashauri, nikisinzia.

Halafu nikautambua. Mwezi uliopita nilirekodi kipindi katika zahanati ya Mnyambe, kule juu Newala. Kuna mradi pale. Ijumaa baada ya shule vijana wanapewa kishikwambi na hedifoni, mmoja mmoja, nyuma ya pazia. Sauti inauliza: unavuta nini, unakunywa nini, mara ngapi, nani anakupa. Kijana anabonyeza mwenyewe. Mwisho inatoka rangi. Mwenye kijani hatumiwi kitu. Mwenye njano au nyekundu anatumiwa ujumbe kwenye namba aliyoiacha, ili awahiwe kabla hajaharibika. Nilikisifu kwenye redio. Kilistahili.

Namba ndiyo shida. Kijana wa chini ya miaka kumi na minane hana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hana laini yake. Kishikwambi kinamwambia aweke namba ya mlezi. Waliokitengeneza wako Dar es Salaam. Bila shaka walimfikiria mama. Lakini kwetu uwandani, huku juu ya mlima kwa Wamakonde, mlezi ni mjomba. Ndiye anayeitwa shule, ndiye anayesimamia jando na unyago, ndiye anayeletewa posa. Mtoto wa Kimakonde akiulizwa namba ya mlezi, hata haulizi mara mbili.

Mnyambe nina dada wawili. Wapwa wa umri huo ni watatu: Rajabu na Hadija wa dada yangu mkubwa, na Sharifa wa mdogo. Wote wanaijua namba yangu kwa kichwa.

Ujumbe hauna jina.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.


Jumanne, 8 Oktoba. Masasi.

Nimempigia nesi Tekla, muuguzi wa Mnyambe. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mcheshi, hapindiki. Nimemsomea ujumbe.

"Ni nani kati ya wale watatu?" nikamwuliza.

"Kaka mwandishi, ukija kwangu na kisonono, nimpigie mkeo?"

"Sina mke."

"Basi unajua kwa nini."

Nikacheka naye. Kisha nikajaribu njia zangu. Miaka mingi nimewatoa watu maneno ambayo hawakukusudia kuyatoa. Nikataja jina la Rajabu nikangoja apumue. Nikataja la Hadija. Akaniambia, "Hiyo niliiona ulipokuja na kinasa sauti. Tafuta nyingine."

Lakini alikuwa na wasiwasi. Amesema mimi si mjomba wa kwanza. Juzi mmoja alifika na fimbo mkononi, anataka kujua mpwa wake amesema nini kwenye mashine. Tekla alimrudisha. Amewaandikia wa mradi kwamba ujumbe unaangukia kwa watu wasiokusudiwa. Wamejibu kuwa wanalifanyia kazi. Naijua hiyo lugha. Naisikia kila wiki kwenye vikao.

"Usifanye kitu kwa pupa," ameniambia mwishoni. "Muache mtoto aje mwenyewe."

Nimesema sawa. Sikumaanisha.


Jumatano, 9 Oktoba. Mnyambe.

Basi hadi Newala, kisha bodaboda. Msimu umeanza. Chini ya kila mkorosho kuna mabibo yanayooza, na harufu yake inakufuata njia nzima. Mabibo wanayakamua. Maji yake yakichacha ni uraka, wanakunywa wote, hata bibi anayekwenda kuswali anaonja kikombe kimoja na hakuna anayemwangalia vibaya. Uraka ukichemshwa kwenye pipa na mvuke ukapita kwenye bomba, ni nipa. Hiyo inawaka moto ukiiwashia kiberiti.

Dada zangu wote wawili wanapika nipa. Majirani wote wanapika. Sijawahi kuiona kama habari.

Nimewaangalia watoto siku nzima, kwa jicho la kazi.

Rajabu. Miaka kumi na saba. Ameacha shule, anaendesha pikipiki ya mtu. Macho mekundu. Anasema ni vumbi. Amepokea shikamoo za wadogo zake huku akitazama simu ya bosi wake. Marafiki zake wa kijiweni wawili nawajua, wananuka bangi kabla hujafika.

Hadija. Kumi na tano. Haongei. Aliniamkia, akaingia ndani, hakutoka. Mama yake anasema ndivyo alivyo tangu avunje ungo. Sijui.

Sharifa. Kumi na sita. Huyu ndiye pekee aliyenikimbilia.

"Shikamoo mjomba wa redio! Umekuja kututangaza?"

"Marahaba. Nikutangaze kwa lipi?"

"Kwa uzuri. Waambie na sifa zangu za kufaulu hesabu."

Anacheka sana huyu. Ndiye anayemsaidia mama yake kwenye mtambo. Nipa ikitoka bombani yeye ndiye anayeonja, na kwa ulimi wake anasema iendelee au ikatwe. Mama Sharifa anajivunia hilo. "Wanawake wa mtaa mzima wanamwazima," ameniambia. "Hajakosea hata mara moja." Nikatazama. Kijiko kimoja, anatafakari, anatikisa kichwa, kijiko kingine. Kama fundi yeyote.

Nimelala kwa dada mkubwa. Nina hakika ni Rajabu. Nina hakika kwa kiasi kinachonitosha kuandika "inadaiwa".


Alhamisi, 10 Oktoba. Mnyambe.

Sikumwuliza Rajabu. Kumwuliza kungemfungia mlango, na kama si yeye, ningekuwa nimewavua nguo wote watatu. Nimechukua njia nyingine. Mimi ni mjomba. Nikiita kikao, watu wanakaa.

Nimewaita dada zangu na watoto barazani baada ya uji. Nimesema maneno machache. Kuanzia leo hakuna nipa wala uraka katika nyumba hizi mbili. Mitambo ivunjwe. Yaliyomo kwenye madumu yamwagwe. Sikutoa sababu. Mjomba hadaiwi sababu.

"Kaka, msimu ndiyo kwanza unaanza," Mama Sharifa akasema.

"Nimesikia."

"Na nyumba yangu itaendeshwa na nini?"

"Tutazungumza. Kwanza mwaga."

Alisimama, akaenda kwenye mtambo. Mama Rajabu alikuwa analia bila sauti. Hawakubisha. Nimejisikia mkubwa kwa dakika chache, na kisha vibaya.

Rajabu alivunja bomba kwa jiwe, kwa furaha kabisa, kama mtoto aliyepewa ruhusa ya kupasua vyungu. Sharifa alibeba madumu. Alimwaga taratibu sana kwenye shimo la taka. Dumu la mwisho alilishika kidogo kabla ya kuligeuza. Hakuwa anacheka. Nikafikiri anamhurumia mama yake.

Mtandao wa laini yangu umekatika tangu jana alasiri. Wanasema mnara umeishiwa mafuta.


Ijumaa, 11 Oktoba. Masasi.

Nimeshuka mchana. Nilikuwa mwepesi ndani ya basi. Hata nilisinzia.

Stendi ya Masasi simu imepata mtandao, jumbe zikaingia kwa mkupuo. Mhariri, mtu wa ushirika, tangazo la bahati nasibu. Na namba ile fupi. Ujumbe wake umetumwa Jumatano jioni.

"Rafiki, kwa kuwa umesema unakunywa kila siku: usiache ghafla. Mwili uliozoea unaweza kuumwa sana. Ukiona unatetemeka, unatoka jasho, unaona vitu ambavyo havipo, au mtu akikuona umeanguka, nenda kituo cha afya haraka. Tukusaidie kupunguza kidogo kidogo."

Nimesimama pale watu wananipita na mizigo. Nimesoma tena.

Nimempigia Mama Sharifa. Haipatikani. Mama Rajabu, haipatikani. Simu ya bosi wa Rajabu inaita, haipokelewi. Nimempigia Tekla, mwenye laini ya kampuni nyingine.

Nimemweleza nilichofanya. Kikao, mitambo, madumu. Nimeeleza kwa mpangilio, kama ninavyosoma taarifa. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimebana simu hadi sikio likauma.

"Umefanya nini, kaka?"

Nikaanza kurudia.

"Nimesikia. Tangu jana asubuhi? Hajanywa kitu tangu jana asubuhi?"

"Nani hajanywa?"

Nikasikia kiti kikisukumwa, na sauti yake mbali na simu ikimwambia mtu amletee pikipiki haraka. Kisha simu ikakatika.

Kwa hiyo anajua ni nani, na anakimbia. Mimi sijui ni nani, na nimekaa kwenye benchi la wakata tiketi. Basi la mwisho la Newala limeshaondoka. Bodaboda wawili wamekataa safari ya jioni ya kupanda mlima. Wa tatu amekubali, kisha tairi lake likakataa.

Nimejaribu kuwaza ni yupi. Kila nikimfikiria mmoja, naona nimechagua wa kufa. Nikamfikiria Rajabu, nikajiona nafarijika kuwa ni Rajabu, kwa sababu ana nguvu. Nikaacha.

Simu imelia jua likizama. Namba nisiyoijua.

"Mjomba, ni mimi Rajabu. Ni Sharifa."

Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia akilia tangu jandoni.


Jumamosi, 12 Oktoba. Newala, hospitali.

Nimepanda na gari la kwanza. Naandika yaliyotokea kama nilivyoelezwa na watu watatu tofauti, na wanakubaliana.

Alhamisi jioni Sharifa alikosa hamu ya kula. Mikono ikaanza kutetemeka. Mama yake alifikiri ni uchovu. Ijumaa asubuhi jasho, kutapika, hakusimama vizuri. Mchana alianza kufukuza wadudu ukutani ambao hakuna aliyewaona. Wanawake wakasema ni mashetani, wakaleta ubani. Mmoja alikuwa ameshatumwa kumwita mganga. Hakuna hata mmoja aliyefikiria zahanati, maana hakuwa na homa.

Tekla alifika akiwa kwenye pikipiki na mkoba wake. Sharifa alianguka akiwa mikononi mwake. Mwili mzima ukajikaza, povu, macho yakageuka. Tekla akamlaza ubavu, akamdunga sindano, akaita gari la wagonjwa. Njiani kuja Newala alianguka tena. Kama Tekla asingekuwapo, daktari amesema, asingefika. Amelisema kwa sauti ya kawaida huku anatafuta kalamu.

Nimemwona. Amelala, dripu mkononi, midomo imepasuka alipoiuma. Amekuwa mdogo. Amefungwa mkono mmoja kitandani kwa kitambaa ili asing'oe sindano.

Mama yake amekaa chini, mgongo ukutani. Amerudia sentensi moja tangu nifike. "Alikuwa anaonja tu, kaka. Alikuwa anaonja tu." Kijiko, kijiko, kijiko. Mitambo yote ya mtaa. Na nje ya msimu madumu ya akiba. Hakuna aliyempa mtoto pombe. Walimpa kazi.

Nilikuwepo Jumatano. Nilimtazama akionja na nikaandika "kama fundi yeyote". Nimerudi nyuma kurasa kuhakikisha. Nimeandika hivyo.

Ninaogopa kuliko jana. Jana nilikuwa sijui. Leo najua, na daktari anasema siku mbili zijazo ndizo mbaya.


Jumapili, 13 Oktoba. Newala.

Usiku ulikuwa mbaya. Alipiga kelele, hakumtambua mama yake. Wamemwongezea dawa.

Mhariri amepiga simu. Anataka habari ya kishikwambi. Nilikuwa nimemdokezea Jumatano. "Wajomba wanasoma siri za watoto, hiyo ni ya kwanza kabisa!" Ni kweli, ni ya kwanza kabisa. Nimemwambia sitatuma.

Nimefikiri hivi. Wajomba wengi uwandani wamepata jumbe zile. Wengi wamezifuta wakidhani ni matangazo. Nikitangaza leo, kesho asubuhi kila mjomba atajua zilimaanisha nini, na atarudi kutafuta zilizobaki. Wengine wana fimbo. Wengine watafanya kama mimi, kwa nia njema.

Mhariri amesema nimezeeka. Inawezekana.


Jumatatu, 14 Oktoba. Newala.

Alfajiri amelala bila kutetemeka. Mchana amefungua macho, ameniona.

"Shikamoo mjomba."

Nimeitikia marahaba, nimetoka nje. Nimesimama nyuma ya jengo la kufulia mpaka nikaweza kurudi.

Jioni Tekla amekuja kwa lifti ya gari la chanjo. Amemletea machungwa. Sharifa alimwuliza jambo moja tu: nani alimwambia mjomba. Tekla akamweleza ukweli wote, namba, ujumbe, jinsi ulivyopotea njia.

"Nilidhani namba ni ya kuandikisha tu," akasema. "Kama shule."

Nikamwuliza kwa nini alikijibu kile kifaa na hakutuambia sisi.

"Nyie mngenitazama."

Kisha akamgeukia Tekla. "Nilitaka kuacha. Niliposikia kwenye hedifoni kwamba naweza kupunguzwa polepole, nikasema nitakuja Ijumaa. Ndiyo nilikuwa naingoja Ijumaa."

Hakuna aliyenitazama. Alikuwa amebakiza siku moja tu afike kwa miguu yake mwenyewe. Alhamisi niliita kikao.

Sijui nilifanye nini jambo hili. Nimeliandika.


Alhamisi, 17 Oktoba. Mnyambe.

Ameruhusiwa. Dawa za kumeza, uji, mtu wa kukaa naye. Nimemrudisha kwa mama yake. Alitaka hivyo.

Harufu ya nipa ipo kila upande. Nyumba ya dada yangu imekuwa kisiwa. Jana mwanamke wa jirani alifika na kikombe kidogo amekifunika, akauliza kama Sharifa amepata nguvu ya kumwonjea. Hakuwa na ubaya. Mama Sharifa alimfukuza kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, kisha akakaa chini.

"Kaka," akaniambia, "nitamfukuza nani na nani? Mtaa mzima?"

Hofu yangu sasa ina sura. Ni kikombe kilichofunikwa.


Jumanne, 22 Oktoba. Masasi.

Tekla amepiga. Jumbe zimesimamishwa. Alikuwa ameacha kuwapa vijana vishikwambi, akawaambia wa mradi waje wamnyang'anye au wavirekebishe. Wamekuja wenyewe, vijana wawili na kompyuta, wamekaa naye siku nzima. Amewaeleza maana ya mjomba. Mmoja ni mzaliwa wa Kilimanjaro, amecheka kwa mshangao, kisha hakucheka. Kuanzia sasa kifaa hakitaomba namba. Mwenye nyekundu ataona mbele ya macho yake maneno ya kutoacha ghafla, na Tekla atakuwa amekaa upande wa pili wa pazia.

Nimeandika habari. Haina Mnyambe, haina jina, haina mtoto yeyote. Imerushwa saa ya taarifa, sekunde chache baada ya bei ya korosho. Hakuna aliyenipigia. Nilitaka iwe hivyo.


Jumatatu, 4 Novemba. Masasi.

Mama Sharifa amepiga. Mtoto ametoka tangu asubuhi hajulikani alipo. Nimekaa na hilo hadi alasiri. Sikuagiza kitu. Sikumwamuru mtu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Alikuwa kwa Hadija. Walikuwa wanasuka.

Hadija anaongea, kumbe. Anaongea na Sharifa.


Ijumaa, 15 Novemba. Mnyambe.

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Mabibo yamekaribia kwisha. Vumbi limetulia.

Leo Sharifa alikuwa na siku yake kwa Tekla. Nilimpakia kwenye pikipiki niliyoazima kwa Rajabu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, chini ya banda la fundi baiskeli. Vijana wengine walikuwa wamekaa ukutani wakisukumana, wakisubiri zamu ya pazia. Aliingia. Alikaa ndani muda mrefu. Fundi aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia nina mpwa.

Alitoka. Uso wake haukusema kitu, na mimi nyuso ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na maswali manne yaliyopangwa vizuri. Nikawasha pikipiki.

"Mjomba, nina njaa," akasema.

Tukanunua mihogo ya kukaanga. Alikula yake, akala na yangu. Kisha akapanda nyuma, akaniwekea mkono begani. Nikausikiliza ule mkono kama unatetemeka. Tulipopita kwenye lami fupi ya sokoni ulikuwa umetulia kabisa. Baada ya hapo barabara ni mbovu hadi nyumbani, na sikuweza tena kujua.